Cadillac Sedan de Ville ya 1970 inayouzwa Mbeya: bodi imefufuka, breki bado

Tangazo lina maneno matatu: "imefufuliwa kila kitu." Ukilitazama gari lenyewe lilivyoegeshwa pembeni ya barabara ya TANZAM hapa Mbeya mjini, huwezi kumlaumu aliyeandika. Rangi ya bluu iliyokolea imelala bila mawimbi, bampa zinakuonyesha sura yako, viti vimeshonwa na mtu anayeijua kazi. Bei ni shilingi milioni 85. Muuzaji ana picha 46 za matengenezo, kitu ambacho wauzaji wengi wa magari ya kale hawana, na kwa hilo anastahili sifa. Ila zote 46 ni za bodi. Hakuna inayoonyesha injini imefumuliwa, hakuna giaboksi juu ya meza, hakuna breki zilizofunguliwa. Kwa gari la zaidi ya kilo 2,100 kwenye milima kama hii yetu, picha ambazo hazikupigwa nazo zina bei, na bei hiyo ikatwe kwenye ile 85.

Utambulisho kwanza, maana gari la kale lenye namba zinazogombana halina thamani hata likipendeza vipi. Namba ya chesisi iko kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma kupitia kioo cha mbele. Katika Cadillac za 1970 ina alama 8 tu, si 17 kama za magari yaliyotoka kuanzia 1981. Hii inaanza na B0: B ni Sedan de Ville ya milango minne isiyo na nguzo katikati, 0 ni mwaka 1970, kisha tarakimu sita za mfululizo. Tarakimu hizo sita zimegongwa pia kwenye bloku, huko nyuma ya manifodi. Kuzisoma kunataka tochi, kitambaa chenye petroli na subira. Kibati cha bodi kilichopo kwenye ukuta wa injini kinasomeka 68349, ambayo ni namba ya bodi hiyo hiyo. Vyote vitatu vinakubaliana. Kasoro iko kwenye kadi: sifuri ya mwaka imechapwa kama herufi O. Linaonekana jambo dogo mpaka siku ya kuhamisha umiliki TRA. Muuzaji alirekebishe yeye, kwa muda wake, kabla pesa haijatoka mfukoni mwako.

Ukiambiwa kuwa gari hili ni adimu duniani, cheka kidogo kisha endelea na mazungumzo. Kwa mwaka wa modeli 1970 Cadillac walitengeneza magari 238,745, na ya aina hii peke yake yalikuwa 83,274. Kwetu ndiyo, kati ya Makambako na Tunduma huenda usilione la pili. Lakini wingi huo una faida kwako: spea za injini yake bado zinauzwa Marekani bila kusumbuliwa.

Bodi ndiyo sehemu iliyofanywa vizuri kuliko zote. De Ville za miaka hiyo huliwa na kutu sehemu zinazojulikana: chini ya ubavu wa nyuma, baada ya tairi, ukingo wa chini wa kioo cha nyuma, sakafu ya buti, na paa, chini ya ile ngozi ya vinaili inayolifunika. Paa ndipo wengi wanapodanganya, kwa sababu vinaili mpya inaweza kubandikwa juu ya bati lililotoboka na mnunuzi asijue mpaka mvua za masika. Hapa picha tatu zinaonyesha bati likiwa wazi, kiraka kimechomelewa na kusagwa, halafu praima. Sumaku iliyofungwa kitambaa inashika kila mahali isipokuwa ubavu wa nyuma kushoto, chini, eneo la kiganja kimoja, ambako inateleza. Hapo kuna puti nene. Si dhambi kubwa, ila mjue wote wawili.

Bampa zimepigwa kromu ya kweli. Mapambo madogo ya zinki hayakupigwa. Yamepuliziwa rangi ya fedha. Kivulini huoni tofauti, juani yanakuwa ya kijivu. Mwagia maji kwa mpira dakika 10 juu ya vioo, kisha bonyeza zulia kwa kiganja. Kwa kuwa hakuna nguzo ya katikati, kioo cha mbele na cha nyuma vinakutana chenyewe kwa chenyewe kwenye raba, na raba ikikauka maji hupita. Mlango wa nyuma kulia unavuja. Ndani hakuna la kusema zaidi: vioo vyote vya umeme vinapanda, kimoja kwa uvivu, na hicho kinataka grisi kwenye reli zake kabla hujaanza kulaumu mota.

Sasa injini, iliyokosa picha. Ni V8 ya inchi za ujazo 472, yaani lita 7.7, iliyotangazwa kuwa na nguvu ya farasi 375 kwa kipimo cha zamani cha Wamarekani. Ni injini ngumu, haina haraka, na ikitunzwa huzeeka pamoja na mwenye nayo. Ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa: gia ya kemshafti imevikwa meno ya nailoni ili isipige kelele. Nailoni ikipikwa na oili moto miaka mingi hukauka, hupasuka, na vipande huanguka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Huko vinavutwa mpaka kwenye chujio la mdomo wa kunyonyea oili na kuliziba. Kwa hiyo gia ya bei ndogo inaua kreniki. Dawa ni seti ya cheni ya taiming, ile inayounganisha kreniki na kemshafti, yenye gia za chuma tupu, na sampu ishushwe isafishwe. Anayebadilisha cheni bila kushusha sampu ameacha sumu tumboni.

Kuipima si kazi kubwa. Fungua kifuniko cha distributa, ambayo kwenye injini hii iko mbele kabisa. Zungusha kreniki kwa spana upande mmoja mpaka rota isogee, kisha irudishe taratibu upande wa pili huku mwenzako anatazama rota. Digrii ambazo kreniki inazunguka kabla rota haijagutuka ndio ulegevu wa cheni. Ikifika 10, cheni imechoka. Kwenye gari hili ni 12. Kwa maneno mengine, hicho "kila kitu" cha kwenye tangazo hakikufika nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini.

Pampu ya oili nayo ina tabia yake. Imefungwa nje ya injini, mbele, pamoja na filta. Gari likikaa miezi bila kuwashwa, au pampu ikifunguliwa na kufungwa ikiwa kavu, haivuti tena. Fundi mzoefu hujaza gia zake Vaselini kabla ya kufunga, ili ipate kitu cha kushika mpaka oili ifike. Asiyejua anawasha, anaona taa nyekundu haizimi, anaendelea kukanyaga mafuta "ili ipande", na beringi zinakwenda. Gari halina geji ya presha, lina taa tu, na taa husema ukweli ukiwa umeshachelewa. Funga geji ya muda unapokagua. Injini ikiwa moto, bila kukanyaga mafuta, ilisoma psi 12. Hiyo inatosha. Kwa oili tumia ya dizeli 15W-40 yenye zinki, siyo zile nyepesi za kisasa. Tapeti za injini hii zinasuguana moja kwa moja na kemshafti na zinki ndiyo inayozilinda.

Kompresha, yaani presha ndani ya silinda, ilikuwa kati ya psi 145 na 150 kwa silinda saba, na 118 kwa moja. Hapa kuna mtego wa mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na kompresha inasoma chini kuliko kitabu hata kama injini ni nzima. Usilinganishe na kitabu, linganisha silinda na mwenzake. Ile ya 118 bado iko ndani ya robo ya iliyo juu kabisa, kwa hiyo haijafa, lakini mwagia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Hapa haikupanda, kwa hiyo ni valvu. Inaeleweka: hedi za mwaka huo zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na siti za valvu zimechongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi. Kwa petroli ya sasa siti zinaliwa polepole, hasa ukikimbiza mzigo mrefu. Siku hedi zikishuka, ziwekewe siti ngumu.

Mwinuko huo huo unaisumbua kabureta, Rochester Quadrajet ya midomo minne. Imepangiwa hewa nzito ya pwani. Huku juu inamwaga petroli kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Dalili ziko wazi: plagi nyeusi kama masizi ya chungu, harufu ya petroli nyuma, gari kuwa zito kwenye mwinuko wa Mlima Nyoka. Kushusha jeti za mbele, vile vitundu vinavyopima petroli, kwa namba mbili kunatosha kwa Mbeya, Njombe na Makete. Ila mnunuzi akitoka Dar es Salaam azibebe jeti za zamani kwenye bahasha, kwa sababu huko chini jeti ndogo zitaiunguza injini kwa ukavu. Na jambo la pili kwa huyo wa Dar: mgandamizo wa injini hii ni 10 kwa 1, ulitaka petroli ya daraja la juu. Huku hewa nyepesi inaisamehe. Ikishuka pwani kwenye joto inaweza kuanza kugonga, na aliyeinunua atadhani ameuziwa mbovu kumbe taiming tu inataka kurudishwa nyuma kidogo.

Quadrajet ina kasoro nyingine inayoonekana asubuhi za baridi za Juni na Julai: vizibo vilivyo chini ya bakuli lake huvuja, bakuli linakauka usiku, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia. Watu hubadilisha pampu ya petroli bure. Geuza kabureta, paka gundi ya epoksi inayovumilia petroli kwenye vizibo, basi.

Giaboksi ni Turbo Hydra-Matic 400, gia tatu, na hakuna mtu mzima atakayeisema vibaya. Angalia hozi ya vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa wa injini, inayokwenda kwenye modyuleta, kifaa kinachoisaidia giaboksi kubadilisha gia: ivute, nusa, tazama. Ikiwa na mafuta mekundu ndani, ngozi ya modyuleta imepasuka na injini inayanywa mafuta ya gia. Moshi mweupe unaotokea hapo umewafanya watu wengi kufumua injini isiyo na hatia. Hapa hozi ni kavu.

Vakyumu kwenye gari hili inaendesha mambo mengi, na kipimo chake kizuri ni cha kufurahisha. Kanyaga breki ya kuegeshea kwa mguu mpaka ishike. Washa injini, shika breki ya kawaida, weka D. Pedali ya breki ya kuegeshea inatakiwa kujirusha yenyewe juu, tap! Hapa haikurushwa, ilipanda kwa kujivuta, ikaishia katikati. Kuna mahali panavuja, na kwa umri huu jibu ni kununua mita kadhaa za hozi na kubadilisha zote, siyo kutafuta moja.

Upoaji utawasumbua wanaopanda Kitonga. Maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi kwa mwinuko wa Mbeya, na kinachozuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliolegea raba unaleta ugonjwa wote wa "gari linachemsha" huku rejeta ikiwa nzima. Mfumo unabeba karibu lita 20. Weka kulanti, maji ya bomba yanatengeneza matope ndani ya bloku.

Tufike kwenye breki. Mbele ni diski, nyuma ni dramu, na masta silinda ni ya vyumba viwili. Kwa mpangilio huo gari linaweza kushuka milima yetu salama, mradi kila kitu kiwe kipya. Njia ya kulijaribu hapa mjini ni kwenda Iyunga, kupita Iwambi na kushuka Mbalizi. Mara ya kwanza pedali ilikuwa juu na imara. Mara ya tatu ilikwenda chini, laini, kama unakanyaga sifongo, na gari likavuta kushoto. Dalili hizi zina maana tofauti na watu wanazichanganya. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi au shuu zimepata moto kupita kiasi. Pedali ikiwa laini, mafuta ya breki yamechemka na mvuke umeingia kwenye mabomba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kila unyevu unavyoongezeka yanachemka mapema. Kwenye masta silinda hii yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye thamosi toka jana.

Kule kuvuta kushoto kulipatikana yadini. Inua mbele, kanyaga breki, achia, zungusha magurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka. La kushoto liligoma. Fungua skrubu ya kutolea hewa robo mzunguko: mafuta yakaruka na gurudumu likaachia. Maana yake kalipa ni nzima na hozi ya raba ndiyo imevimba ndani: inapitisha presha ya kwenda, hairuhusu kurudi. Kwa nje hozi ni nyeusi na inapendeza, imepakwa hata dawa ya kung'arisha tairi. Gari lina hozi tatu, mbili mbele na moja kwenye difu; zibadilishwe zote tatu, mafuta mapya, na dramu zifunguliwe. Busta ni nzima: ukikanyaga mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ukashikilia na kuwasha, pedali inazama kidogo kama inavyotakiwa. Mpaka kazi hiyo ifanyike, gari hili lisipelekwe Kitonga, hata kwa mwendo wa maharusi. Na likipelekwa, lisishushwe likiwa D. Difu yake imepangwa kwa kukimbia tambarare, kwa hiyo injini haishiki gari vya kutosha. Vuta gia ya chini kabla ya mteremko, usisubiri ukiwa katikati yake.

Usukani uko kushoto. Nyuma ya malori ya Tunduma huoni chochote mpaka ujitoe mzima barabarani, kwa hiyo safari ndefu inataka utingo wa kukaa kulia na kukuambia kama njia ni nyeupe. Taa za mbele za Kimarekani zinamulika kulia, yaani machoni pa anayekuja. Tafuta za nchi zinazoendesha kushoto. Indiketa za nyuma ni nyekundu na zinatumia balbu moja na taa za breki. Uwe na maelezo tayari kwa trafiki.

Boliti zote ni za inchi. Baadhi ya spana za milimita zinakubali bila kuharibu: 8 kwa 5/16, 11 kwa 7/16, 19 kwa 3/4. Lakini 14 haiingii kwenye 9/16, na fundi akilazimisha 15 anakuachia vichwa vya mviringo. Nunua seti ya inchi uiache ndani ya gari. Matairi ni 235/75R15, saizi ya pikapu na jipu za zamani, yanapatikana bila shida. Mafuta ni lita moja kwa kilomita 4 au 5. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam hesabu lita 180 na zaidi. Odomita inasoma maili 41,000, ila ina tarakimu tano, na raba ya pedali iliyoliwa mpaka kwenye chuma inasema ilishazunguka.

Kwa bodi hii na namba hizi, milioni 62 ni bei ya haki gari likiwa kama lilivyo. Muuzaji akifanya breki, cheni ya taiming na hozi za vakyumu, akapiga picha kila kinachofunguliwa, 72 haitakuwa dhuluma. Kwa 85 hapana, hata akiongeza picha nyingine mia za rangi.

Mwisho mwombe funguo zote mbili. Gari linatoka na ufunguo wa kichwa cha mraba kwa milango na kuwasha, na wa kichwa cha duara kwa buti na glovu boksi. Wa duara haupo. Muuzaji anafungua buti kwa kitufe cha ndani, ambacho nacho kinategemea vakyumu, hivyo injini ikizima njiani huwezi kuifikia tairi ya akiba wala jeki.